Ukuta Uliofumuliwa

Mimi majina hayanipotei. Niulize mwanamke yeyote aliyeshukia Ibra hii ya Oman kutoka Unguja, nitakutajia lake, la mama yake, na la paka wake kama alikuwa naye. Lakini la huyu silitaji, na si kwa kusahau. Hapa mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Hata marehemu mumewe, akitaka chai, aliita "Mwalimu!" kutoka chumbani, naye akaitika kama aliyeitwa na mkuu wa skuli. Nikiliandika jina lake leo, wenzangu watauliza ni nani huyo. Basi na abaki Mwalimu. Na alikozaliwa na ukoo wake vina watu wake wa kuvieleza. Mimi nitasema niliyoyaona.

Hakufundisha hesabu wala dini. Alifundisha sindano na cherehani, skuli ya wasichana, na alipostaafu akatukusanya sisi watu wazima akatufundisha kofia. Nasema kofia za mkono hizi, wanazovaa wanaume wa Oman kila siku ya Mungu, zenye maua ya uzi na vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimezungushiwa uzi wake kisifumuke. Kila mmoja wetu alidhani anajua kushona kofia, maana nani katika sisi hakumwona mama yake akishona barazani? Mwalimu aliichukua kofia yako, akaigeuza ndani nje, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, kisha akakurudishia na neno moja.

"Fumua."

Hakueleza kosa liko wapi. Alisema ukilitafuta mwenyewe hutalirudia. Bi Zuwena, jirani wa nyumba ya pembeni, ambaye ulimi wake hata wali haukuuzuia, siku moja alichoka akamwambia, "Mwalimu, mume wangu ana upara, atashukuru chochote." Mwalimu hakuinua hata uso. Akasema, "Upara wake ndio utakaochungulia kwenye kitundu hicho. Fumua." Bi Zuwena akafumua, huku akisema maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Na kusifu je? Hakusifu. Kofia ikiwa nzuri ya kuwekwa kabatini na kuonyeshwa wageni, Mwalimu alisema, "Haidhuru." Basi. Lakini ile haidhuru yake, mtu aliibeba mpaka nyumbani. Mimi niliwahi kuipata kwa kofia ya rangi ya zafarani, nikampigia simu dada yangu Raya aliyekuwa Nizwa kumwambia tu hilo, naye akaniuliza kama nimepata ajali, kwa jinsi nilivyokuwa nikihema.

Futi kamba yake ya kupimia ilikaa shingoni kama mkufu. Alikwenda nayo sokoni na matangani. Tukitazama taarifa ya habari alitaja saizi ya kichwa cha kila mtu mkubwa aliyetokea, na huyu kofia inambana, na yule amevaa ya kaka yake. Alizungumza na pini mdomoni, pini zimejipanga kati ya midomo, na hatukumsikia kukosea herufi. Aliposhona alitaka kimya. "Sindano haina masikio mawili," alisema, halafu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza: fulani kamposa fulani, na mahari yamerudishwa. Tukichangia, anatukumbusha kimya.

Alikuwa hivyo, mambo yake hayakulingana. Mshono wako ukipinda unywele mmoja hulali, lakini kanga yake ya nyumbani ilikuwa imechanika upindo toka enzi na hakuigusa. Hakumwogopa mkurugenzi wa skuli wala mbwa wa wadi, lile bonde la mto mkavu, lakini akiona mjusi ukutani anapanda juu ya kiti, mwanamke mzima, na darasa linakwisha hapo. Na alikuwa mgumu wa kutoa neno tamu, lakini Bi Zuwena alipofiwa na mume wake yule mwenye upara, Mwalimu ndiye aliyekwenda kulala kwake kila siku muda wote wa eda, na hakusema kwa mtu.

Sasa nije kwenye nyumba ya vioo, maana bila ya hiyo Mwalimu humjui.

Mumewe alisoma nchi za baridi. Huko aliona nyumbani kwa profesa wake chumba kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba, kuta zote vioo, ndani mimea mibichi na nje theluji. Likamkaa moyoni. Waliporudi Oman na kujenga hapa Ibra, akaona mkewe anavyokaa mlangoni akitazama majabali haya makavu, akamwambia, nitakutengenezea Unguja yako. Akaleta mafundi, akabandika chumba cha vioo upande wa magharibi, fremu za alumini toka sakafuni mpaka juu. Mwalimu akapanda asumini, mlangilangi, mchaichai, na kijimche cha mkarafuu alichotumiwa katika kopo la maziwa.

Nani alimwambia yule bwana, Mungu amrehemu, kwamba kile wanachokifanya wenzetu kulitafuta jua, sisi huku jua ndilo linalotutafuta? Ulipoingia msimu wa kedhi, yaani joto lile la kuivisha tende, mimea yote ilikauka imesimama. Mchaichai ulikuwa tayari kwa birika, alisema Bi Zuwena, unangoja maji tu. Juu yule bwana akafunika mabati yale yenye sponji katikati, ikapungua kidogo, lakini kuta zilibaki vioo. Mtaa mzima ukakiita chumba kile Tanuri, kama lile shimo tunalofukia nyama ya Idi. Mwalimu alikaushia humo ndimu na majani ya mkunazi, na papa wa kutoka Sur pwani, akawa hana hasara.

Lakini kipupwe, kuanzia zinapoondoka tende mpaka joto linapoanza kurudi, ndicho kilikuwa chumba kitamu kuliko vyote Ibra. Ndimo tulimoshonea kofia. Na si kofia tu. Mimi nyumbani kwangu nina wajukuu wazuri, wananibusu mkono na kichwa, lakini Kiswahili wanakisikia tu, hawakisemi. Nikiwatania wananijibu kwa Kiarabu, kwa adabu. Utani ukijibiwa kwa adabu umekufa. Katika vioo vile nilikuwa naitwa majina yangu ya utani, naulizwa habari za watu waliokufa tukiwa wadogo, na mtu akianza hadithi ya mtaani kwetu huko, mwengine anaimalizia. Tulikuwa mimi, Bi Zuwena, Bi Zayana mkewe msusi wa vikapu, Bi Muhaira wa juu ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, na Mwalimu. Wengine walikuja na kwenda. Kedhi ikiingia tunatawanyika kila mtu na chumba chake na kiyoyozi chake, na miezi mizima mtu hasemi nami kwa lugha niliyonyonyeshwa. Nilikuwa nikihisi mdomo wangu unaota vumbi.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Salim, kijana mwema, anafanya kazi kwenye mambo ya gesi upande wa Sur, na mke wake Thuraya, binti wa Wadi Bani Khalid. Waliishi na Mwalimu. Thuraya alikuwa mpole, akitukaribisha kwa kahawa na tende, anasema "hayyakum", yaani karibuni, na kuondoka. Tulidhani yeye hatupendi sisi. Salim alinunua gari kubwa jipya, na gari lile jua likawa linalimaliza, mpaka usukani huwezi kuushika. Siku moja tulikuwamo wote ndani ya vioo, mwisho wa kipupwe, akaja akasimama mlangoni na kofia yake kichwani, kofia aliyoshonewa na mama yake, akatusalimia mmoja mmoja, shikamoo mama mdogo, shikamoo bibi, kisha akamwambia mamaake kwamba anafikiri kuubomoa mlango ule wa vioo na kuta zake, waweke kivuli cha gari. Alisema kwa upole. Chumba chenyewe nusu mwaka hakikaliki, alisema, na nyumba haina nafasi pengine.

Ni nyumba yao. Bi Zuwena alikuwa anavuta uzi, akauacha ukaning'inia.

Mwalimu alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mkoba wake wa pini. "Kikikalika?" akauliza.

"Kikikalika vipi, mama?"

"Kedhi. Baada ya sala ya adhuhuri. Ukikaa humu wewe mwenyewe mpaka inaadhiniwa alasiri, na hukutoka kwa joto. Kitabaki?"

Salim akacheka. "Mama, hata mkate hautoki humu salama."

"Sikukuuliza mkate."

Salim akakubali. Alimheshimu mamaake, na pia alikuwa na yakini. Alipoondoka, Bi Muhaira akasema basi tuagane vizuri na chumba chetu. Mwalimu akamwambia anyamaze, anapima. Kweli, alikwisha kusimama na futi kamba yake, anapima ukuta, kwapani na mabegani, kama ukuta ni bwana harusi.

Hivyo ndivyo alivyoifanya kazi ile yote. Hakujua habari za ujenzi na hakutaka kuzijua. Alisema ukuta ni mwili, mwili unavalishwa. Unapima, unakata kigezo cha gazeti, unajaribisha, unapiga bandi, ule mshono wa kushikiza, ndipo unashona. Kwa vioo akapiga bandi kwa nyuzi na gundi ya karatasi, magazeti yakaning'inia kuta tatu, tukawa tunashona ndani ya habari za mwezi uliopita. Bitana, alisema, itakuwa yale mabamba meupe mepesi kama yanayokuja na televisheni ndani ya boksi. Nguo ya juu itakuwa mbao.

Mbao alizipata Sur. Salim mwenyewe alimpeleka, maskini, bila kujua anajichimbia shimo. Kulikuwa na watu wanavunja chombo kikongwe pwani, wanauza mbao zake za msaji, ngumu, nyeusi kwa umri. Mwalimu akazigonga kwa kastabini yake, akazisikiliza, akachagua. Zikaletwa Ibra na lori la samaki. Na fundi alikuwa Shafiqi, Mbangali wa karibu na msikiti, mcheshi, Kiarabu chake cha kuokota na Kiswahili alichokiokota kwetu. Mwalimu alimwekea alama za chaki kila pahala. Akitaka kukata nje ya chaki, anamgonga mkono kwa rula. Shafiqi alisema tangu aache skuli kwao hajapigwa rula, akawa anacheka mpaka keekee ya kutobolea inamtetemeka mkononi.

Thuraya naye tukamwona anakuja. Kwanza analeta maji, kisha anashika ncha ya ubao, kisha ana penseli sikioni. Mwalimu alimwambia, "Yaa binti, nyoosha," na akanyoosha. Hakusema zaidi ya hapo.

Wakavalisha ukuta kwa ndani. Mabamba meupe yakabandikwa juu ya vioo kwa gundi, na mbao za msaji zikapigwa juu yake, zimelaliana kama magamba ya samaki, ubao wa juu umefunika wa chini, hata unyasi haupiti. Kila ufa ukazibwa. Tulikaa tukautazama, tukaridhika, na sasa nikifikiri nacheka. Sisi watu wa mvua. Tulijenga ukuta wa kuzuia mvua ya masika, Ibra, ambako tone likianguka watoto wanatoka nje kulitazama.

Kedhi ikaja mapema mwaka ule. Siku ya kwanza ya joto la kweli tukaingia, kiyoyozi kimewashwa toka asubuhi kinahema kama mbuzi. Ilikuwa Tanuri, Tanuri yenye kifuniko. Jua lilipita kwenye kioo, likakuta mbao, likakaa huko nyuma halina pa kutokea. Na zile mbao, miaka yote baharini zilipakwa sifa, mafuta yale ya papa ya kupakia vyombo. Zilipopata moto zikaanza kuyatoa. Bi Zuwena alisimama katikati ya chumba, akanusa, akauliza, "Nani anakaanga papa?"

Hapo kioo kimoja nyuma ya mbao kikalia, kah, kikapasuka toka juu mpaka chini, na ubao ukavimba tumbo kama mtu aliyevunja saumu vibaya. Salim alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba alimhurumia mamaake. Akasema tu, kwa sauti ya chini, kwamba gari lake linaweza kungoja mpaka katikati ya kedhi.

Wenzangu waliondoka. Mimi nilibaki. Mwalimu alikaa kwenye kizingiti, jasho linamtoka, akachukua kofia aliyokuwa anaishona ya Idi ya Salim. Nilidhani ataitupa. Akavuta uzi, akamaliza kitundu, na kama desturi yake akainyanyua juu mwangani kukiangalia. Mwanga ukapita katika vile vitundu vyote, ukamwangukia usoni, madoa madogo madogo, mengi. Akabaki vile, kofia juu, macho wazi.

Kisha akaiteremsha. Akaugeukia ule ukuta, alioupima na kuukata yeye, kila ubao na chaki yake.

"Fumua," akasema.

Hakusema kwa mtu. Alisema kama anavyotuambia sisi, sauti ile ile, haina hasira. Akainuka, akachukua nyundo, akaanza na ubao wa chini.

Tulifumua sote. Bi Zuwena aliporudi kesho yake akamkuta Mwalimu juu ya ngazi na suruali ya marehemu chini ya kanga, anang'oa misumari. Alikuwa amengoja miaka kumwambia Mwalimu neno lile, nafasi ndiyo hii, na mdomo wake ninaujua. Akautazama ukuta, akamtazama Mwalimu, akakunja mikono ya baibui akaenda kushika ngazi. Mimi namhesabia Bi Zuwena jambo hilo.

Wakati tunang'oa, Mwalimu alinieleza. Kwa nini mwanamume anavaa kofia kutwa juani na kichwa hakichemki? Kwa sababu mshonaji hakuifunga, kaiacha na vitundu, na kwa sababu kofia nzuri haikugandi kichwani, inasimama, ina nafasi. Yeye alikuwa akitufundisha hayo toka siku ya kwanza, na alipofika kwenye ukuta akauvalisha nguo ya kubana halafu akaifunga vifungo vyote. Tena akauvalisha kwa ndani. "Nani anavaa kanzu chini ya ngozi?" aliniuliza. Alikuwa hanifundishi mimi.

Safari hii akatoka nje. Mabamba meupe yakabandikwa upande wa nje wa vioo, jua lisikifikie kioo kabisa. Juu yake Shafiqi akapiga papi za mbao, zile fito nyembamba, zimesimama wima, na juu ya papi ndipo mbao za Sur. Kati ya mbao na mabamba ukaweza kupitisha mkono. Sifa ikajitolea huko huko nje kwa jua, paka wa mtaa wakaja kuuramba ukuta siku kadhaa, kisha harufu ikaisha. Kisha Mwalimu akachora kwa chaki, mstari mmoja chini karibu na ardhi na mstari mmoja juu chini ya mabati, maua ya kofia. Ua na kitundu, ua na kitundu. Akampa Shafiqi keekee, akamwambia atoboe pale pale.

Salim aliporudi kutoka kazini akaukuta ukuta wa mama yake unatobolewa. Akasimama karibu na gari lake, kofia kichwani, mikono kiunoni.

"Mama, umeziba, sasa unatoboa?"

Mwalimu alimwita kwa kidole. Kijana mkubwa yule, na ndevu zake, akaja akainama kwa mazoea. Akamvua kofia. Wengine hawaruhusiwi kumvua mwanamume kofia mbele ya watu, mama anaruhusiwa. Akaishika mbele ya jua, karibu na uso wake, mpaka madoa yale ya mwanga yakamjaa mashavuni.

"Hivi mimi nimekuvalisha nini miaka yote hii?" akamuuliza. "Joto linaingia chini, linapanda, linatokea juu. Linakwenda zake. Halikai kwako."

Salim aliyatazama yale matundu ya ukuta, akaitazama kofia. Akaivaa akaingia ndani. Shafiqi akasema, "Mwalimu, mimi nae nishonee," na akagongwa rula, maana alikuwa ametoboa nje ya chaki.

Siku ya ahadi ilikuwa Ijumaa, katikati ya kedhi, upepo ule wa moto unaotoka jangwani unavuma, wanauita gharbi. Salim alisali sala ya Ijumaa, akala, akaja na mto wake. Nasema ukweli alikuja kwa haki, hakuja kwa hila. Alikaa katikati ya mkeka akakunja miguu kama kadhi. Sisi tulikaa ukutani na kofia zetu, mtu hashoni. Bi Muhaira alikuwa akisoma kimya kimya, sijui kama ni uradi au kinga ya moto. Kiyoyozi hakikuhema tena, kilikuwa kinanong'ona. Mimi niliweka kiganja kwenye kioo nyuma yangu, nacho kilikuwa vuguvugu tu, kama tumbo la mtoto. Mwalimu alikuwa anashona, pini mdomoni, hamtazami.

Salim alitazama juu, akatazama kuta, akajifuta paji la uso akakuta hapana cha kufuta. Akaegemea mto. Akatuuliza habari za mume wa Bi Zayana. Tukamjibu. Akauliza tena jambo, na katikati ya jibu tukaona kidevu kinashuka. Kofia ikamtelemkia machoni. Akalala.

Akalala ule usingizi wa baada ya wali, mdomo wazi, anakoroma. Muadhini akaadhini alasiri naye hana habari. Bi Zuwena akavuta pumzi kutaka kumwita, amwambie ameshindwa, maana ulimi wake usingemwacha Salim alale kwa raha. Hapo mlango ukafunguka, akaingia Thuraya na birika la kahawa. Akamwona mumewe. Akatutazama, akaweka kidole mdomoni, na akasema kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha kwetu, "Mwacheni. Amechoka."

Tukatazamana. Hatukuwahi kumsikia kusema hata neno moja la Kiswahili toka aolewe. Kumbe miaka yote alikuwa anakaa nyuma ya mlango ule na birika lake, anasikiliza. Alikuwa akitusikia tunavyomsema, pia, lakini hilo tulilikumbuka baadaye.

"Nani kakufundisha?" Bi Zuwena akamnong'oneza.

"Nyinyi. Mnasema sana." Akamimina kahawa, akakaa, akachukua sindano.

Mwalimu alitoa pini mdomoni. Nilidhani atasema neno kuhusu chumba, au kuhusu mwanawe. Alichukua kitambaa mkononi mwa Thuraya, akakigeuza, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango. "Fumua," akamwambia. Thuraya akatabasamu kama aliyepewa dhahabu, akaanza kufumua.

Basi chumba kipo. Si Tanuri tena. Watoto wa mtaani wanakiita Kofia. Salim hakusema kuwa ameshindwa, lakini ukipita mchana utaliona gari lake limeegeshwa ubavuni mwa ukuta ule, kwenye kivuli chake. Watu kutoka Nizwa na mji wa Adam wamekuja kuutazama. Mwalimu akawaambia wakapime kwao wenyewe, kila mwili na nguo yake.

Yapo mengi sikuyasema. Sikusema alivyomkataza mkurugenzi wa skuli kumfukuza msichana maskini, kisha Mwalimu mwenyewe akamlaumu yule msichana kwa upindo wake siku hiyo hiyo. Sikusema kioo kile kimoja, cha ukubwa wa kanga moja, alichokiacha wazi kuelekea kichochoroni, na pazia lake dogo. Yeye aliyetuhubiria kusema watu ni dhambi, ndipo alipokaa aone nani anapita na nani. Tulimuuliza, akasema ni kwa ajili ya mwanga wa sindano.

Kedhi iliyopita nilikwenda mchana, mwenyewe. Bi Zayana alikwisha kwenda kwa Mola wake, na Bi Muhaira yuko Maskati kwa bintiye. Mwalimu alikuwa amekaa mahali pake karibu na pazia, na macho yameshamwacha. Anaona mwanga na kiza, haoni uzi. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, akaniambia nimekuja na viatu vipya, vinalia.

Nilikuwa na kofia ya mjukuu wangu mkubwa, Haitham, anayeanza kazi Sur. Nilikaa nayo muda mrefu, mikono yangu siku hizi inatetemeka. Na upande wa nyuma kulikuwa na kosa, nalijua liko wapi: kitundu kimoja kimepotoka, kimetoka nje ya ua. Nilitaka nimwonyeshe hivyo hivyo. Nikampa.

Akaigeuza ndani nje. Hakuipeleka mwangani. Akaipitisha kwenye vidole, pole pole, kitundu kwa kitundu, kama anahesabu tasbihi, na mimi nilisikia nje gharbi inavuma na ndani kwetu kumetulia, na Thuraya jikoni anamgombeza mwanawe kwa Kiswahili. Vidole vikafika nyuma. Vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikalipapasa lile kosa, vikakaa hapo.

Nikafungua mkoba wangu, nikatoa mkasi.

Mwalimu akaileta kofia mdomoni, mahali pale pale, akapuliza. Kwa ndani akakinga kiganja chake cha mkono wa pili. Akangoja. Kisha akanirudishia.

"Upepo unapita," akasema. "Iache."

Nikaurudisha mkasi mkobani.